Kijana wangu anatumwa kutoa hela za watu kwa wakala, nifanye nini?

SWALI

Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Mbagala, nauza chakula karibu na stendi ya Rangi Tatu. Jina langu naomba libaki kwako.

Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuja kwangu akiwa darasa la tatu, sasa ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Ni mpole, hana makuu, hata uji ukikosa sukari anakunywa na kushukuru. Lakini tangu likizo ya mwezi wa sita simwelewi.

Kuna kijana mkubwa hapa mtaani ana banda la gemu. Watoto wote wanamwita Bro. Alianza kwa kumwachia mwanangu acheze bure, baadaye akawa anamnunulia chipsi, akampa raba, mwisho akampa simu ya kupangusa. Nilipouliza nikaambiwa, "Bro ananisaidia tu shangazi, anasema mimi nina akili." Nikasema alhamdulillahi, yatima kapata mfadhili.

Simu ilitaka laini, na mtoto hana namba ya NIDA, nikaweka dole gumba langu nikamsajilia. Sasa juzijuzi dada wa pale kwa wakala, ambaye tunafahamiana, akaniita pembeni. Akaniambia mtoto wako anakuja kutoa hela mara kwa mara, laki mbili, laki tatu, mara nyingine amevaa sare za shule, na safari hii kaja na laini nyingine mbili ambazo si ile yake. Nilimbana. Akasema hela ni za Bro, yeye anapewa elfu tano kila akitoa. Alipotaka kuacha, Bro akamkumbusha kwamba kioo cha simu kilipasuka na anadaiwa laki na elfu themanini. Akaambiwa apeleke begi Kigamboni usiku ili deni lipungue. Alikwenda. Alirudi saa saba usiku, na anasema hajui ndani kulikuwa na nini.

Mume wangu anasema huyu ameshakuwa mwizi, apelekwe kituoni alale ndani siku mbili tatu akili imkae sawa, au arudishwe kwa bibi yake Masasi. Mimi nashindwa. Nikimpeleka polisi si ndiyo nampoteza? Na nikinyamaza, laini ni ya kwangu.

Muda wa kumfuatilia sina. Natoka saa kumi alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mwanangu wa mwaka na nusu namwacha na binti wa kazi, na huyo naye bado mdogo, ana miaka 13, nilimpata kupitia dalali akitokea Singida. Tunaamka naye saa tisa ananisaidia kukanda na kumenya. Simnyanyasi, anakula tunachokula, na mshahara wake wa elfu 40 kwa mwezi ninamtunzia ili akiondoka awe na kitu. Nimemwahidi na cherehani. Nimemuuliza kama anajua kijana anakokwenda, anasema hajui.

Nisaidie dada, nimfanye nini huyu kijana?

Shangazi mtu, Mbagala


JIBU

Dada yangu, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Barua yako ina watoto wawili wanaotumikishwa. Umeniuliza habari za mmoja, mimi nitakujibu za wote, na nakuomba usiishie katikati.

Nianze na kijana, maana ndiye anayekunyima usingizi.

Sote tumeshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akishatapeliwa, hela yake lazima itue kwenye laini fulani, kisha mtu fulani aende kwa wakala kuitoa. Hapo ndipo penye moto. Wakala anaiona sura, muamala unabaki kwenye kumbukumbu, na laini ina jina la mtu aliyeisajili kwa alama ya kidole. Siwezi kuapa kwamba hela za Bro zinatokana na utapeli. Ila mtu mwenye hela halali huitoa mwenyewe, kwa laini yake, kwa wakala aliye jirani na banda lake. Huyu amechagua sura ya mwanao na jina lako. Siku mambo yakiharibika, yeye atakuwa amekaa bandani anauza saa za kucheza.

Na begi ni hivyo hivyo. Mtoto hajui kilichomo, na kutokujua kwake ndiyo sababu ya kutumwa. Inaweza kuwa vitu vya wizi, inaweza kuwa bangi au kete. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina vifungo virefu, na wa kwanza kukamatwa ni aliyeshika mzigo.

Mumeo anasema kijana ni mwizi kwa sababu anaona raba na simu. Angalia mpangilio wake wote. Bro hakumchukua mtoto mtundu wa mtaa, alimchukua yatima mpole mwenye akili, ambaye shangazi yake hayupo nyumbani mchana kutwa. Akampa mchezo wa bure. Akampa sifa, kitu ambacho pengine hapati kwingine. Akampa zawadi ambayo hawezi kuirudisha. Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya kulipwa. Deni likaja mwishoni, siku aliyotaka kutoka. Hicho kioo ni kamba ya mbuzi: inaonekana ndefu mpaka siku mbuzi anapojaribu kuondoka. Ndiyo maana nakukataza kulipa hiyo laki na elfu themanini. Ukilipa, Bro atajua nyumba ina hela, na deni lingine halitakosekana: begi limepotea, hela imepungua, "nilitoa kitu kidogo polisi kwa ajili yako".

Watu wetu wakisikia mtoto kadhulumiwa wanamfikiria msichana, na dhuluma yenyewe wanaifikiria kwa namna moja tu. Mvulana akitumika anaitwa mhuni. Kwa hiyo kuna swali gumu ambalo lazima liulizwe kwa upole: je, Bro au rafiki zake wamewahi kumgusa, au kumpiga picha za utupu? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliohoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 hivi kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana akifanyiwa, hana hata neno la kulisema kwa shangazi yake. Kama jibu ni ndiyo, hospitali iwe ya kwanza, tena upesi, ndani ya saa 72 kama ni jambo la karibuni, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja.

Namna ya kuzungumza naye. Usimkalishe kwenye kochi mbele ya mumeo kama mshtakiwa. Mpe viazi amenye na wewe, au mtembee kwenda sokoni, msitazamane usoni. Anza na lako: "Nilimshukuru Bro bila kuuliza. Sikukasirikii." Usimuulize kwa nini alifanya, atajifunga. Muulize, "Bro alikwambia nini kitatokea ukikataa?" Jibu la swali hilo litakuonyesha ukubwa wa jambo. Kama ametishiwa kupigwa, au ameambiwa "nitamwonyesha shangazi yako video", au ametajiwa jina lako, utajua anachokiogopa. Na akisema kitu cha kukutisha, shika kisu chako cha viazi uendelee kumenya. Ukipiga yowe tu, hutasikia kingine tena.

Sasa hatua. Kwanza, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Usizozijua, nenda duka la mtandao husika uzikatae na uombe zifungwe. Hiyo laini ya mtoto isitumike tena, lakini usiivunje wala kufuta kitu. Miamala iliyomo, meseji za Bro na tarehe ndiyo ushahidi wenu kwamba mtoto alikuwa akitumwa. Ziandike kwenye daftari, na umwombe yule dada wa wakala akumbuke alichoona. Mwanamke huyo amekufanyia hisani kubwa, ingawa ningependa angesita pia kumhudumia mtoto wa sare anayetoa laki tatu. Kama simu ina meseji za kitapeli zenyewe, zipeleke kwenye namba 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa aina hiyo.

Pili, piga 116. Ni namba ya msaada kwa watoto, ni bure, anaweza kupiga mkubwa na anaweza kupiga mtoto mwenyewe. Waeleze ulivyoniandikia. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii, ngazi ya kata au pale Manispaa ya Temeke. Kwa kawaida ningekuambia uanzie serikali ya mtaa, kwa sababu kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Lakini Bro ni wa mtaa huohuo, na mabanda yanajuana na viongozi. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo, mruke mjumbe, nenda juu.

Tatu, polisi. Nakubaliana na mumeo kwamba polisi lazima wajue. Namna anayoitaka ndiyo siikubali. Kumpeleka mtoto kaunta "alale ndani akili imkae sawa" ni kumkabidhi kama mtuhumiwa, wakati Bro anaendelea na biashara. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto, mkiongozana na afisa ustawi, na muanze kwa kusema kwamba mmekuja kumripoti mtu mzima anayemtumia mtoto. Akihojiwa, mzazi au mlezi anatakiwa awepo, kwa hiyo usikubali kuachwa nje kwenye benchi. Mkihitaji mwanasheria na hela hamna, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam.

Masasi je? Kumhamisha katikati ya kidato cha tatu kunamwadhibu yeye, na simu ina mtandao mpaka Masasi. Afisa ustawi akiona usalama wake mtaani ni mdogo, akae kwa ndugu kwa muda, hilo ni jambo la maana. Ila aende akijua kwamba analindwa, asije akadhani katupwa. Na wewe usimfuate Bro bandani kumtolea maneno. Akija nyumbani kutisha, piga 112.

Niseme pia kidogo kwa wasomaji wengine, maana si kila Bro ana banda la gemu. Yupo mwanaume anayemlipia msichana wa kidato cha pili saluni na nauli, halafu anamwambia alipe fadhila kwa kwenda gesti na rafiki yake. Yupo anayejifanya kijana mwenzake mtandaoni, anaomba picha moja, na picha hiyo ndiyo anayomtishia nayo kila wiki. Wapo wanaowakodisha watoto kuongozana na ombaomba kwenye mataa, na jioni mtu anakuja kuchukua mkusanyo. Feri alfajiri utakuta wavulana wanaparua samaki muda ambao wenzao wanavaa sare. Kuna mawakala wa kujitangaza wanaomwahidi kijana majaribio ya mpira Ulaya, mzazi anauza kiwanja, mtoto anaishia kwenye chumba cha watu hajui nchi gani. Sura zinatofautiana mno, ndiyo maana tunapitwa. Ukitaka kuzitambua, uliza mambo mawili tu: faida anakula nani, na likiharibika nani atakayeumia.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayonileta kwa binti wa Singida.

Dada yangu, umeandika kwa moyo safi, na naamini humpigi wala humnyimi chakula. Lakini hebu uyasome maelezo yako mwenyewe kama vile ameandika jirani. Mtoto wa miaka 13 anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Anabaki peke yake na mtoto mdogo mpaka saa mbili usiku. Hela yake hajawahi kuishika. Kwao anakujua dalali. Ameahidiwa cherehani siku isiyojulikana. Bro naye hampigi mwanao, na chipsi anamnunulia.

Sheria haiko kimya hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, hata kwa kazi nyepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Huko kukanda kwenu kote kumo humo ndani. Ipo pia sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na mbele ya sheria hiyo "mama yake alikubali" au "mwenyewe alitaka kuja" si utetezi, akiwa ni mtoto. Dalali aliyempokea stendi na kula ujira wake anaifahamu biashara yake. Wewe ulikuwa mnunuzi. Najua neno hilo linauma. Nusu ya mji huu umelelewa na mabinti wa namna hii, na waliowaleta ni watu wa heshima kabisa, wenye shukrani za Jumapili na futari za Ramadhani.

Usikurupuke kumpandisha basi kesho. Akifika Singida bila mpango, dalali atamgeuza kwenye nyumba nyingine, pengine mbaya kuliko yako. Leo jioni mpe simu azungumze na mama yake, wewe ukiwa nje ya chumba. Acha kumwamsha saa tisa kuanzia usiku wa leo. Piga hesabu ya miezi yote aliyofanya kazi, mpe hela yake mbele ya mtu mzima anayemwamini yeye, na mkubaliane namna ya kuitunza kwa jina la mama yake. Kisha utakapokwenda kwa afisa ustawi kwa ajili ya kijana, mtaje na binti. Utashawishika kumficha. Usimfiche, anayejipeleka mwenyewe akitaka kurekebisha husikilizwa tofauti na anayefumaniwa. Wao watawasiliana na ustawi wa kwao ili akirudi apokelewe. Kama aliishia darasa la tano au la sita, muulizeni afisa elimu kata kuhusu kurudi darasani au MEMKWA, mpango wa walioikosa elimu ya msingi. Cherehani inaweza kuja baadaye, akiitaka yeye.

Kuna jambo jingine. Binti amekuambia hajui kijana anakwenda wapi. Inawezekana. Inawezekana pia amekatazwa kusema, na huyo Bro ameshafika hapo kwako wakati wewe uko Rangi Tatu. Mtoto wa kike wa miaka 13 anashinda peke yake kwenye nyumba ambayo watu wazima wanaingia na kutoka. Simtuhumu mtu yeyote, ila naomba aulizwe na mwanamke mwingine, wa ustawi au wa 116, usiwe wewe unayemshikia mshahara.

Utaniuliza nani atabaki na mtoto mdogo. Tafuta mama mtu mzima wa kutwa, anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, au kituo cha kulelea watoto cha jirani, na saa za biashara mzipange upya. Itakugharimu zaidi ya hiyo elfu 40. Hapo mwite mumeo. Katika barua yako yote sikuona analipia nini wala anashinda wapi, nimeona tu anavyohukumu. Mwambie aanze na kumsindikiza kijana kwenda na kurudi shule wiki hizi mbili tatu, akipita naye mbele ya lile banda.